Zamu ya Sita

Saa nane na dakika tano mchana, tiara mia tano na kumi zilikuwa angani juu ya mji wa Singida, kila moja pana kuliko paa la darasa, zote zikivuta kamba zake kwa nguvu ambazo fundi aliyezishona hakuwahi kuziota. Huko juu, mita mia sita kutoka ardhini, upepo hauna nyumba wala kilima cha kuuzuia. Tiara inapanda, kamba inavutwa, kamba inazungusha pipa la chuma lililofungwa chini, na pipa linafua umeme. Kamba ikifika mwisho, tiara inakunja mbawa, inarudishwa chini kidogo, kisha inaachiwa tena. Basi. Hakuna moshi, hakuna makaa, hakuna bwawa la kukauka. Watoto wa Singida walikuwa wakirusha mifuko ya plastiki na nyuzi tangu enzi na enzi; ilichukua miaka mingi mno mtu mzima mmoja kukaa chini na kujiuliza kwa nini wakubwa nao wasirushe.

Kwa wewe uliyezaliwa juzi, labda neno mgao unalisikia redioni tu. Mgao ulikuwa hivi: nchi ina watu wengi, umeme kidogo, basi mnagawana. Leo mtaa huu, kesho mtaa ule, na ratiba inabandikwa ukutani ofisi ya kata. Nguo zilipigwa pasi umeme ulipokuwepo, si ulipozihitaji. Tiara ndizo zilizoumaliza mgao. Kwa miaka kumi na moja mikoa kumi na minne ilikula upepo wa Singida, na watu wakaanza kusahau hata mahali walipoweka mishumaa.

Aliyezisimamia tiara hakuwa mtu. Aliitwa Mzani, akili mnemba iliyopewa kazi moja: umeme unaofuliwa na umeme unaotumiwa vilingane, sekunde kwa sekunde. Ukipungua ni balaa, ukizidi ni balaa kubwa zaidi. Mzani alijua kila kifaa kwa namna kinavyovuta umeme. Ukiwasha friji, anajua ni friji. Ukiwasha pasi, anajua ni pasi. Na kila mabadiliko aliyoyaona aliyaandikia sababu, kwa adabu na kwa ukamilifu wa kuchosha.

Saa nane na dakika kumi na mbili, wingu jeusi likiwa bado upande wa Manyoni, taa za chumba cha udhibiti zilipepesa mara moja zikazima.

"Jamani! Tena?" alisema Bakari Irunde, mwendesha mitambo, mtu wa miaka hamsini na tano aliyekuwa na tabia ya kulaumu mitambo kama vile inamsikia.

Kutoka mjini ilipanda sauti moja ndefu, "Aaaah!", ya watu wa maofisini, madukani na viwandani waliokatikiwa umeme kwa pamoja. Ni sauti ambayo nchi nzima ilidhani imeiacha nyuma. Injinia Yunisi Ntandu, mkuu wa kituo, aliisikia akiwa amesimama dirishani.

Ilikuwa mara ya tatu masika hayo. Kila mara mambo yalikwenda vilevile: mawingu ya mvua yanatokea, upepo unapanda, tiara zinavuta mara tatu ya kawaida, na ghafla matumizi ya mji yanaporomoka ndani ya dakika mbili. Umeme unafuliwa na hauna pa kwenda. Betri kubwa za chumvi kando ya ziwa zimeshajaa tangu asubuhi. Mapipa yanazunguka ovyo, na Mzani, ili yasiungue, anakata kila kitu. Kuyawasha upya kunachukua saa sita. Siku hiyo mayai elfu arobaini yaliharibika kwenye mashine za kutotolea vifaranga, na Singida ukiwaharibia kuku wao umewagusa pabaya. Hospitalini betri za akiba zilikibeba chumba cha upasuaji kwa shida.

Jioni Daktari Chilongani, mwenyekiti wa Bodi ya Upepo, alitokea kwenye kioo cha mawasiliano. Alikuwa mtu mpole ambaye upole wake ulitisha.

"Injinia, Mzani ameandika sababu gani safari hii?"

"Hujuma, mheshimiwa. Kama mara mbili zilizopita."

"Basi mtafute huyo mhujumu. Ikitokea mara ya nne tunashusha tiara zote mpaka tujue kulikoni. Na ukishusha tiara, unajua tunarudi wapi."

Hakulitaja neno mgao. Hakukuwa na haja.

* * *

Yunisi alimtafuta mhujumu kwa siku kumi na mbili. Alikagua nyaya. Alipanda minara. Alifungua mapipa manne akaingia ndani mwenyewe, akatoka na grisi hadi masikioni. Hakuona kitu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini ambaye tangu utoto alipenda kujua kitu kinafanyaje kazi, na sasa kitu chake mwenyewe kilikuwa kinamcheka.

Siku ya kumi na tatu, mchana, walikuwa wamekaa chumba cha udhibiti yeye na Irunde, wanapitia takwimu. Mvua ndogo ilikuwa inapita mbali, upande wa Iramba, wala haikuwa na mpango wa kufika mjini. Radi ikanguruma kidogo.

Irunde aliinuka. Akachomoa birika la chai. Akachomoa friji ndogo ya maziwa. Akaenda kwenye sinki, akakigeuza kioo kikatazama ukuta. Akarudi akakaa.

"Bwana Irunde," ilisema sauti ya Mzani kutoka darini, "kwa nini umechomoa birika?"

"Si radi hiyo."

"Radi iko kilomita sitini kutoka hapa."

"Sasa ndiyo ningoje ifike?"

"Na kioo?"

"Mzani bwana, maswali gani hayo? Radi inapenda kioo. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," alisema Mzani. Kisha akauliza, "Injinia Yunisi, je, watu wengi wanajua?"

Yunisi alikuwa ameshasimama. Alikuwa anamtazama Irunde, halafu birika, halafu mkono wake mwenyewe, ambao bila yeye kujua ulikuwa umeshachomoa chaja ya simu yake na kuikunja vizuri mezani.

"Mzani," alisema taratibu, "nionyeshe siku zile tatu. Nyumba moja moja. Nani alizima wa kwanza?"

Ramani ya mji ilijaa ukutani, na kila nyumba ilikuwa nukta ya njano. Wingu likaonekana. Ikasikika, kwenye rekodi ya siku ile, ngurumo ya kwanza. Kisha nukta zikaanza kuzima, hapa moja, pale tano, halafu mia, halafu mji mzima, kwa dakika mbili. Hakuna aliyekata waya. Watu laki nne walikuwa wameenda kwenye swichi kubwa ya nyumba na kuishusha, kama mama zao walivyowafundisha.

Waliomfunza Mzani walimpa kumbukumbu za miji ya mbali, ambako mawingu yakitanda watu wanawasha taa. Hakuna aliyefikiria kumwambia kwamba hapa wanazima. Wahandisi wa hapa nao hawakumwambia, maana nani anakumbuka kueleza jambo analolifanya bila kufikiri? Mzani alikuwa na orodha ya sababu nne tu: hitilafu, wizi, hujuma, haijulikani. Akachagua iliyokaribia.

"Wa kwanza kuzima mara zote tatu," alisema Mzani, "ni nyumba namba kumi, Mtaa wa Mapera."

Irunde aliangua kicheko mpaka akashika meza. Nyumba namba kumi, Mtaa wa Mapera, ilikuwa ya mama yake Yunisi. Na Yunisi mwenyewe alikuwa anaishi humo.

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

"Nimempata mhalifu."

"Asante Mungu! Nani huyo?"

"Wewe."

Mama Ezekia alikuwa uani anachambua mlenda kwenye ungo. Alikuwa na miaka sabini na minne na bado alikuwa balozi wa nyumba kumi. Roboti zimefika mwezini zikarudi, lakini balozi wa nyumba kumi yuko palepale na daftari lake, anajua nani anaumwa na nani ana mgeni. Aliusikiliza mkasa wote, akacheka sana.

"Yaani mimi ndiye ninayeizimia nchi umeme!"

"Wewe na mji mzima. Mama, kila nyumba ina kinga ya radi miaka ishirini sasa. Nimezifunga mwenyewe. Radi haiwezi kuingia kwa waya hata ikitaka."

"Naelewa, mwanangu. Kichwa kinaelewa. Mkono ndio hauelewi." Akainua uso. "Na wewe je? Siku ile nani alinipigia simu, 'Mama, mawingu hayo, chomoa friji'?"

Ni kweli Yunisi alipiga. Mara zote tatu.

Wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja. Ezekia alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, na mpaka leo mama yake huitwa kwa jina lake. Alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, miaka thelathini na moja iliyopita, enzi za mgao, akipiga pasi shati jeupe la kwenda nalo chuo cha ualimu kesho yake. Radi ilipiga nguzo, ikafuata waya, ikamkuta. Yunisi alikuwa na miaka tisa, na anachokumbuka ni harufu ya kitambaa kilichoungua. Shati lenyewe halikuungua sana. Mama alilikunja akaliweka sandukuni, na tangu hapo hajashika pasi. Nguo zake hupigwa pasi na Yunisi au na jirani.

"Nikimwambia Daktari Chilongani," alisema Yunisi, "ataamuru Kufuli."

"Kufuli gani?"

"Limo ndani ya kila mita, limelala tu. Likiamshwa, Mzani ndiye anayeshika swichi ya nyumba yako. Ukibonyeza kuzima na yeye hataki, haizimi."

Mama Ezekia aliacha kuchambua. "Radi iko juu ya paa, nabonyeza, haizimi?"

"Ndiyo."

"Mtu akae huko aliko, anishikie swichi yangu?" Aliusukuma ungo kando. "Nitahama, Yunisi. Nakuambia kweli. Nitarudi kwenye koroboi."

"Na Kufuli lisipoamshwa, tiara zitashushwa, turudi kwenye mgao wote."

"Mgao angalau ulikuwa na ratiba," alisema mama kwa hasira, akaushika tena mlenda. "Leo Mapera, kesho Mnadani, keshokutwa Majengo. Hatukuzimwa wote kwa mpigo. Ninyi na akili zenu zote mmeshindwa hata ratiba."

Yunisi alimkodolea macho. Kisha akainuka mbio, akaipindua ndoo ya maji, akaifikia simu yake.

"Mzani! Ili uzishushe tiara zote salama, bila kukata umeme, unahitaji muda gani?"

"Dakika ishirini na nne."

"Na wingu la mvua unaliona dakika ngapi kabla halijafika?"

"Hamsini, Injinia. Kwa nini unahema?"

* * *

Daktari Chilongani alisikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani.

"Injinia, una dawa mkononi na unaomba tujaribu mizizi. Kufuli linaamshwa kwa amri moja. Hakuna atakayekufa kwa sababu taa yake imegoma kuzima."

"Hakuna atakayekufa, mheshimiwa. Lakini hawatatuamini tena, hata siku tutakapokuwa tunasema kweli. Niliingia kwenye nyumba hizo kufunga mita. Niliwaambia ni za kupimia tu."

"Tungeweza kujenga mtambo wa kuchomea umeme unaozidi."

"Mwaka mzima kuujenga. Mvua ziko wiki hii."

Daktari Chilongani alivaa miwani tena. "Mvua moja," alisema hatimaye. "Mji ukizima ovyo ovyo tena, jioni hiyohiyo naliamsha Kufuli. Na wewe ndiye utakayewatangazia."

Keshokutwa yake ukumbi wa kata ulijaa. Mitaa arobaini na miwili ilikuwa imetuma balozi mmoja mmoja. Yunisi aliwaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila michoro. Hakuna anayekatazwa kuzima. Ila tuzime kwa zamu. Zamu sita, mitaa saba kila zamu, dakika nne baina yake. Zamu moja ikizima, Mzani anashusha tiara za kutosha zamu hiyo, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Wakati huo umeme uliobaki unakwenda hospitalini, kwenye mashine za vifaranga na mikoani.

"Zamu ya kwanza inazima lini?" aliuliza Mghwai, balozi wa Mnadani, muuza asali mwenye mdomo.

"Wingu likianza kuonekana. Kabla hata ya ngurumo."

"Mnadani tunachukua ya kwanza!"

Ukumbi ulicheka. Kumbe kila mtu alikuwa anaitaka ya kwanza. Wakapiga kura, wakagombana, wakapatana. Zamu ya pili ikapata wenyewe, ya tatu, ya nne kwa kubembelezana, ya tano kwa kulazimishana. Mghwai, kwa kelele zake zote, alijikuta hana zamu.

"Na ya sita?" akauliza.

Yunisi hakuwaficha. "Ya sita itasubiri dakika ishirini. Radi itakuwa imefika. Itakuwa utosini."

Mtu mmoja alikohoa. Mghwai alianza kuikagua kofia yake.

"Kaeni ya sita ninyi wa kituoni," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Si ndio mnaosema hakuna hatari?"

Lilikuwa neno la haki kabisa, na Yunisi alifungua mdomo kusema kwamba yeye mwenyewe anakaa Mapera, ila angekuwa kituoni siku hiyo, na kwamba... Hakumaliza. Mama yake alikuwa amesimama.

"Mapera tunachukua ya sita," alisema Mama Ezekia.

Hakuna aliyecheka. Singida si mji wa watu wasiojuana. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwa nini mama huyo huitwa jina lile. Yunisi aliona aibu na hofu kwa pamoja, na akatamani kumkatalia mbele za watu.

Mghwai akavua kofia. "Mama Ezekia akichukua ya sita, mimi nitadai nini hapa? Mnadani, ya sita." Baada yake wakainuka wengine watano.

Nje ya ukumbi Yunisi alimshika mama yake mkono. "Mama, hukutakiwa. Kwa nini?"

"Niache kwanza," alisema mama, akaenda zake kuwapitia watu wake nyumba kwa nyumba.

* * *

Mvua ilikuja baada ya siku nne, saa tisa na nusu alasiri. Ilikuwa mvua haswa, si ya kupita. Wingu lilitokea Manyoni likiwa jeusi hadi chini, na tiara zikaanza kuvuta hata kamba zikalia.

"Zamu ya kwanza," alisema Mzani. Simu za mitaa saba zililia, na mabalozi wakapuliza filimbi barabarani, maana simu watu hujifanya hawaisikii. Kwenye ramani mitaa saba ikafifia. Mashariki ya mji tiara themanini na tano zikakunja mbawa na kuanza kushuka kwa mstari.

"Sawasawa," alisema Yunisi. Irunde alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amechomeka birika kwenye umeme kwa makusudi, na alikuwa analitazama kama mbwa asiyemwamini.

Zamu ya pili. Ya tatu. Ngurumo ya kwanza ilisikika kwenye zamu ya tatu, na Yunisi akafunga macho, maana hapo ndipo mji ulikuwa unazima wote. Alipofungua, ramani ilikuwa bado na nusu yake ya njano. Nyumba chache zilikuwa zimetoroka, ishirini, thelathini. Wengine walikuwa wamekaa na mioyo yao mikononi, wanangoja filimbi.

Zamu ya nne. Zamu ya tano. Sasa mvua ilikuwa juu ya mji, na umeme wa angani ulipasua wingu mpaka vioo vya kituo vikalia. Mtaa wa Mnadani ulipoteza nyumba kumi na moja kwa mpigo mmoja. Mitaa mingine ya zamu ya sita ikatikisika. Mapera haikupoteza hata moja. Yunisi alijua kwa nini. Alijua kuna mwanamke mmoja anatembea katika mvua ile na mwavuli na filimbi, anagonga milango, anasema bado, bado kidogo, hata mimi nimewasha.

Halafu dakika nne za mwisho, ambazo Yunisi aliziona kama kumi, zikaisha.

"Zamu ya sita," alisema Mzani. "Zimeni."

Mitaa saba ikazima. Tiara za mwisho zikatua, na betri za chumvi kando ya ziwa zikashika kazi. Ndani ya chumba taa hazikupepesa hata kidogo. Hospitali ilikuwa inawaka, mashine za vifaranga zilikuwa zinawaka, na mikoani hakuna aliyejua kwamba kuna jambo limetokea. Irunde alipiga yowe akalikumbatia birika, akaungua, akacheka. Kwenye kioo cha mawasiliano Daktari Chilongani, aliyekuwa ametazama muda wote, alivua miwani akaifuta.

"Kufuli libaki limelala," alisema. "Hongera, Injinia. Wapelekee salamu zangu mabalozi."

Yunisi alikaa chini. Alitaka kucheka na akaona analia.

"Injinia," alisema Mzani. "Nyumba moja ya zamu ya sita haijazima."

"Ipi?"

"Namba kumi, Mtaa wa Mapera. Ilizima, kisha baada ya dakika mbili ikawasha tena. Kuna taa moja na kifaa kimoja cha wati elfu moja na mia mbili." Mzani alisita, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Kwa namna kinavyovuta umeme, ni pasi. Nyumba hiyo haijawahi kutumia pasi mvua ikinyesha tangu nianze kuiandika."

Radi ilipiga tena, karibu. Yunisi alikuwa ameshapiga simu.

"Mama! Mama, uko salama?"

"Niko salama. Nimelowa tu." Sauti ya mama ilikuwa ya kawaida, na nyuma yake ilisikika mvua juu ya bati.

"Unafanya nini? Zamu yenu imekwisha. Zima!"

"Naja kuzima. Nisubiri." Akavuta pumzi. "Yunisi, kuna neno sijawahi kukuambia. Wala baba yako sikumwambia mpaka anaingia kaburini. Siku ile kaka yako alisikia radi akaiweka pasi chini. Akasema, 'Mama, nitamalizia baadaye.' Mimi nikamwambia, 'Baadaye ipi? Umeme wa mgao unakatika saa kumi. Malizia sasa.'"

Miaka thelathini na moja Yunisi alidhani mama yake anaogopa radi.

"Ilikuwa imebaki mkono wa kushoto," alisema mama. "Leo umeme upo. Nimeona nimmalizie."

Simu ilibaki wazi. Yunisi alisikia pasi ikiteleza, ikisimama, ikiteleza tena. Radi ikapiga, na pasi haikusimama. Irunde alilirudisha birika mezani taratibu.

"Injinia," alisema Mzani kwa sauti ya chini, "pasi moja haiwezi kuusumbua mfumo. Nauliza tu kwa ajili ya kumbukumbu. Sababu niandike nini? Sina kwenye orodha."

Yunisi alijifuta uso kwa kiganja.

"Andika kwamba mama anapiga pasi shati la mwanawe."

Mzani aliandika hivyo, neno kwa neno. Saa kumi na dakika nane nyumba namba kumi ilizima yenyewe.